Feni Iliyovuta Bahari Ndani ya Stoo: Namna ya Kujitengenezea Kifaa cha Kudhibiti Unyevu wa Korosho

Leo sizungumzii shamba. Nazungumzia mahali ambapo wengi wetu tunapotezea hela bila kujua, nako ni stoo.

Mwaka juzi kijana mmoja wa Madimba alinionesha video kwenye simu yake. Ilikuwa ya wazungu wanaohifadhi sigaa, yaani zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa. Wana sanduku la mbao lenye kifaa kidogo cha umeme ndani yake. Hewa ikikauka, kifaa kinaongeza unyevu. Hewa ikiwa na maji mengi, kinapunguza. Mwenyewe yuko ofisini anaangalia namba kwenye simu. Yule kijana akaniuliza, "Bwana shamba, kama wenzetu wanalinda sigaa kumi namna hii, sisi wenye magunia mia ya korosho tunashindwa nini?"

Swali lile lilinikaa kichwani. Tukajaribu kutengeneza kifaa chetu. Mara ya kwanza tuliharibu, tena tuliharibu mali ya mtu. Mara ya pili tukapata. Nitawasimulia yote mawili, kwa sababu kosa letu ndilo somo lenyewe.

Sigaa na korosho zinafanana nini?

Watunza sigaa wanataka unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 65 na 70 hivi. Ukishuka sana, jani la nje linakauka na kupasuka. Ukipanda sana, sigaa inaota ukungu, na joto likizidi mdudu wa tumbaku anaanza kuanguliwa. Kwa hiyo wao hawakaushi tu wala hawaloweshi tu. Wanashikilia katikati. Wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo wanalijua hili vizuri, maana jani likikauka mno linavunjika mkononi na likiwa bichi linavunda kwenye robota.

Korosho nayo ina katikati yake. Korosho ghafi inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 10 ndani ya punje. Ikizidi 10, ghalani inakataliwa au inashushwa daraja. Ikikaa hivyo hivyo kwenye gunia, kiini kinabadilika rangi, kinaota kuvu, na sumukuvu inaweza kuingia. Mnunuzi akikata sampuli anaona viini vyeusi, na ule uzito wa kiini anaouhesabu kwa ratili katika kila gunia la kilo 80 unashuka. Hapo bei inashuka nao.

Wengi hawafikirii upande wa pili, yaani kukausha kupita kiasi. Piga hesabu na mimi. Gunia la kilo 80 likiwa na unyevu wa asilimia 9, kilo 72.8 ni korosho yenyewe na zilizobaki ni maji. Ukiikausha mpaka asilimia 6, gunia lile lile litakuwa na kilo 77 na nusu hivi. Umepoteza kilo mbili na nusu ambazo ulikuwa na haki ya kuziuza. Kwa magunia 100 ni kilo 250. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, hiyo ni laki saba na nusu. Zaidi ya hapo, kiini kilichokauka mno kinavunjika wakati wa kubangua. Wenye vikundi vya ubanguaji wanajua tofauti ya bei kati ya kiini kizima na kilichovunjika.

Kwa hiyo tunachotafuta ni kudhibiti. Kukausha ni kazi ya jua na turubai, na kudhibiti ni kazi ya stoo.

Kwa nini huku kwetu shida ni kubwa zaidi

Mnaolima Msimbati, Ruvula, Madimba, Mngoji na Kilambo mnaijua hewa ya huku. Mbele bahari, upande mwingine mto Ruvuma na mikoko yake. Mchana wa Oktoba jua linawaka vizuri, korosho inaanikwa na inalia ukiitikisa. Jua likishazama hewa inabadilika. Saa nane usiku ukigusa turubai unakuta limelowa, na mvua haijanyesha. Halafu kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba mvua zenyewe zinaingia, wakati bado kuna korosho nyumbani.

Mtasema, mbona tunauza kupitia stakabadhi ghalani? Ni kweli. Mfumo huo ulianza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara mwaka 2007, na korosho zetu zinapitia AMCOS, ghala kuu na mnada. Lakini kati ya shamba na AMCOS kuna siku za kukusanya, kusubiri magunia na kusubiri gari. Wakati mwingine siku hizo zinakuwa wiki. Mnakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo na Novemba ile Serikali ikaamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo? Bei ilikuwa nzuri, lakini kuna korosho ziliendelea kukaa stoo. Aliyekuwa na stoo nzuri alisubiri bila wasiwasi.

Asiyekuwa na stoo ndiye anayekamatwa na kangomba. Anaona korosho inaanza kunuka, mvua imeanza, anaogopa. Anauza usiku kwa kipimo cha bakuli. Kangomba inakula kwenye hofu hiyo. Ukiwa na uhakika kwamba korosho yako itakaa wiki sita bila kuharibika, huna sababu ya kumfungulia mlango.

Tulivyoharibu mara ya kwanza

Kifaa chetu cha kwanza kilikuwa rahisi. Tulinunua kihisi kimoja, yaani kile kidude kinachopima joto na unyevu wa hewa. Tukakiweka ndani ya stoo ya dada mmoja mwenye magunia 42. Tukaunganisha na feni ya kutoa hewa nje. Amri tuliyoipa ilikuwa moja tu: unyevu wa ndani ukifika asilimia 70, feni iwake, na ukishuka chini ya 65, izime.

Inaonekana sawa, sivyo? Hata mimi niliona sawa. Nikamwambia dada yule alale usingizi.

Wiki ya kwanza akaniambia feni inafanya kazi kweli kweli, inawaka usiku kucha. Mimi nikafurahi. Nilitakiwa nishtuke! Wiki ya tatu gari likaja, magunia yakapelekwa ghalani. Wakachoma sampuli, wakaweka kwenye kipima unyevu, ikasoma zaidi ya 11. Magunia 17 yakarudishwa akaambiwa akaanike upya. Mvua ilikuwa imeshaanza. Alianika kwa kuiba jua, masaa mawili asubuhi, saa moja jioni, watoto wakikimbia na turubai kila wingu likipita. Mnada wa wiki ile ukampita. Mwishoni sehemu ya mzigo ule ikaingia daraja la pili.

Nilipokwenda kumwomba radhi hakunipigia kelele. Alinipeleka stoo saa moja usiku, akaniambia nisimame kwenye tundu la kuingizia hewa. Upepo ulikuwa wa baridi na una harufu ya chumvi. Akasema, "Bwana shamba, feni yako inavuta bahari kuileta ndani. Bibi yangu stoo alikuwa anafungua saa tano, ikifika alasiri anafunga. Hakuwa na mashine."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Bibi yule alikuwa anapima hewa ya nje kwa ngozi yake. Kifaa changu kilikuwa hakijui kama nje kuna hewa ya namna gani. Kilijua tu kwamba ndani kuna unyevu, basi kikafungua. Usiku hewa ya nje ilikuwa na unyevu kuliko ya ndani, kwa hiyo kadiri feni ilivyowaka ndivyo ndani palivyozidi kulowa, na palivyozidi kulowa ndivyo feni ilivyoendelea kuwaka.

Swali sahihi ambalo kifaa kinatakiwa kujiuliza

Swali la kwanza, "ndani kuna unyevu kiasi gani?", halitoshi. Lazima kifaa kiulize pia, "hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani?" Hapo unahitaji vihisi viwili, kimoja ndani na kimoja nje.

Hapa pana mtego, kwa hiyo twende taratibu. Asilimia ya unyevu wa hewa haikwambii kuna maji kiasi gani. Inakwambia hewa imejaa kwa kiasi gani ukilinganisha na uwezo wake. Hewa ya moto ina uwezo mkubwa wa kubeba maji, ya baridi ina uwezo mdogo. Mita moja ya ujazo ya hewa ikijaa kabisa inabeba takriban hivi:

- Joto 24: gramu 21.8 za maji
- Joto 26: gramu 24.4
- Joto 28: gramu 27.2
- Joto 30: gramu 30.4
- Joto 32: gramu 33.8

Ukizidisha namba hizo kwa asilimia inayosomwa na kihisi, unapata gramu halisi. Tuchukue mifano mitatu.

*Mchana wa jua.* Nje joto ni 32 na unyevu ni asilimia 58. Gramu ni 19.6. Ndani joto ni 30 na unyevu 70. Gramu ni 21.3. Nje kuna maji machache. Feni iwake.

*Usiku.* Nje joto ni 24 na unyevu 93. Gramu ni 20.3. Ndani joto ni 28 na unyevu 74. Gramu ni 20.1. Nje kuna maji mengi kidogo. Feni ikae kimya. Kifaa chetu cha kwanza hapa ndipo kilipowasha, kwa sababu kiliona 74 tu.

*Baada ya manyunyu.* Nje joto ni 26 na unyevu 80. Gramu ni 19.5. Ndani ni kama ule mchana, gramu 21.3. Ukiangalia gramu peke yake utasema tufungue. Usifungue! Hewa ile ikiingia itapoza magunia, na magunia yakishapoa yatabaki yamezungukwa na hewa ya asilimia 80. Korosho inavuta au inatoa maji kwa kufuata ile asilimia ya hewa inayoizunguka. Ikikaa kwenye asilimia 80 itavuta maji tu, hata kama gramu zilionekana ndogo.

Kwa hiyo kanuni zetu ni hizi, na zote lazima zikubali kwa pamoja ndipo feni iwake:

1. Unyevu wa ndani uwe umezidi asilimia 65.
2. Gramu za nje ziwe pungufu kuliko za ndani, angalau kwa gramu moja.
3. Unyevu wa nje uwe asilimia 65 au chini yake.

Feni izime unyevu wa nje ukifika 68, au gramu za nje na za ndani zikikaribiana, au unyevu wa ndani ukishuka mpaka 55 ili tusigawe kilo zetu kwa upepo. Ile nafasi kati ya 65 na 68 tumeiacha makusudi, la sivyo feni itawaka na kuzima kila dakika na rilei itakufa mapema.

Kuna kanuni ya nne ambayo si ya hesabu: kihisi kikikosa kusoma, feni izime. Kifaa kikiwa hakijui kitu, kifunge mlango.

Vifaa vinavyohitajika

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Fundi wa simu au kijana aliyesoma umeme VETA anaweza kukuunganishia.

- Bodi ndogo ya kompyuta. Sisi tunatumia ESP32.
- Vihisi viwili vya joto na unyevu. Tulianza na DHT22, zinafanya kazi ila usahihi wake si mzuri sana na unapotea zikikaa kwenye unyevu mwingi. Sasa tunatumia SHT31.
- Rilei moja ya kuwasha na kuzima feni.
- Feni ya volti 12 ya kutoa hewa, au mbili kama stoo ni kubwa.
- Betri na sola. Umeme ukikatika saa sita mchana ndio saa unayomhitaji fundi wako.
- Moduli ya laini ya simu kama SIM800L, ili ikutumie meseji ya kawaida. Huhitaji intaneti. Meseji moja asubuhi na moja jioni inatosha, na nyingine ya dharura unyevu wa ndani ukikaa juu ya 70 kwa siku nzima.

Ukiondoa sola na betri, kwetu gharama ilikuwa chini ya bei ya gunia moja la korosho. Bei zinabadilika, kwa hiyo uliza maduka mawili matatu kabla ya kununua.

Kifaa kisome kila baada ya dakika tano, na kisiamue kitu mpaka masomo matatu yakubaliane. Mlango ukifunguliwa mara moja kuingiza gunia, isiwe sababu ya kuwasha feni.

Namna ya kufunga

Feni ikae juu ukutani, maana hewa ya moto yenye maji inapanda. Tundu la kuingizia hewa liwe chini, ukuta wa upande mwingine, na uzibe kwa waya wa matundu madogo ili panya asipite. Kwenye feni na kwenye tundu weka vifuniko vyepesi vinavyojifunga feni ikizima. Hili msilipuuze. Feni iliyozimwa ambayo haina kifuniko ni dirisha lililoachwa wazi usiku.

Kihisi cha ndani kiwe katikati ya magunia, usawa wa kifua, siyo mlangoni wala chini ya bati. Kihisi cha nje kiwe kivulini, mita moja na nusu au mbili kutoka chini, ndani ya kikopo cha plastiki chenye matundu, upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Chumvi ya bahari ikitua juu ya kihisi inavuta maji, na kihisi kitakudanganya kwamba nje kumelowa wakati kumekauka.

Kumbuka na bati. Usiku bati linapoa haraka, hewa ya ndani ikiligusa inatoa jasho na matone yanadondokea magunia ya juu. Weka dari, hata ya makuti au mkeka, na usirundike mpaka juu.

Chini weka chaga za mbao, na acha nafasi ya kupita kati ya magunia na ukuta. Tena msikate mikoko kwa kazi hii. Tuko ndani au jirani na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mikoko ni mali ya wote. Mnazi uliozeeka unatoa chaga nzuri tu. Magunia yawe ya juti. Viroba vya plastiki vinabana jasho la korosho ndani, na hapo hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Pima kihisi chako kwa chumvi

Watunza sigaa walinifundisha jambo moja zuri, nalo halina gharama. Kihisi kipya kinaweza kuwa kinadanganya kwa asilimia tano au zaidi. Utajuaje?

Chukua kizibo cha chupa ya soda. Jaza chumvi ya mezani, ile nyeupe laini ya dukani. Dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo hicho na kihisi ndani ya chupa pana au mfuko wa plastiki usiovuja, ufunge vizuri, uuweke mahali penye kivuli ambapo joto halibadilikibadiliki. Acha usiku mzima. Chumvi iliyolowa hivyo inafanya hewa ya mle ndani iwe asilimia 75. Kama kihisi kinasoma 79, ujue kinazidisha 4, na fundi aondoe 4 kwenye programu. Kama kinasoma 72, aongeze 3.

Tahadhari kwa watu wa huku: msitumie chumvi ya mashambani, ile yenye mawe na uchungu kidogo. Ina chumvi nyingine ndani yake, hasa ya magnesiamu, ambayo inavuta maji kwa namna tofauti na itakupotosha. Kila mwanzo wa msimu rudieni kipimo hiki kwa vihisi vyote viwili.

Makosa ninayoyaona

*Kuchanganya namba mbili.* Asilimia 65 ya kihisi ni ya hewa. Asilimia 8 hadi 10 ya ghalani ni ya korosho yenyewe, na inapimwa kwa kipima unyevu cha kuchoma au kusaga sampuli. Usimwambie mkaguzi wa ghala kwamba korosho yako ina 65, atakushangaa.

*Kutegemea kifaa kikaushe.* Korosho iliyotoka kuokotwa ina maji mengi sana kuliko feni inavyoweza kuyatoa. Anika siku mbili tatu za jua zuri, geuza mara kwa mara, toa mabaki ya mabibo. Ikianza kulia ukiitikisa, na ukucha haushiki kwenye ganda, ndipo iingie gunia. Ukiingiza mbichi ndani ya stoo ya kisasa umeharibu mbichi kisasa.

*Kuchanganya mzigo.* Gunia moja bichi likiwekwa katikati ya makavu kumi linagawa maji yake kwa majirani. Yale 17 yaliyorudishwa, mengine yalikuwa jirani ya tundu la hewa, na mengine yalikuwa jirani ya hayo.

*Kusahau kwenda mwenyewe.* Meseji haina pua. Nenda stoo, nusa, ingiza mkono katikati ya gunia. Ukisikia joto humo ndani, toa nje uanike upya siku hiyo hiyo.

Msimu wa pili

Nilirudi kwa yule dada na kifaa chenye vihisi viwili. Nilimwambia gharama ni yangu, na kama hataki nitaelewa. Alifikiri kidogo, akasema tutaweka, ila sharti moja: magunia kumi yakae upande wa pili wa stoo, penye ukuta wa kuzuia, yatunzwe kwa njia ya bibi. Atafungua saa tano, atafunga alasiri. Tukakubaliana.

Tulipopeleka mzigo, magunia yote yalipita. Ya kifaa na ya bibi, yote yalisoma chini ya 10. Nilikuwa nimetegemea kumshinda bibi, nakiri. Tukaangalia kumbukumbu za kifaa, tukaona siku nyingi za jua feni ilianza kati ya saa nne na saa sita mchana na kuzima kabla ya magharibi. Ni yale yale.

Tofauti ilikuwa kwenye siku saba za mawingu na manyunyu mwezi Desemba. Siku zile kifaa hakikufungua kabisa, isipokuwa saa moja na nusu mchana mmoja. Dada yule naye siku mbili alikuwa Mtwara mjini kwenye msiba, na stoo ya upande wa bibi ilibaki imefungwa kwa bahati tu, kwa kuwa ufunguo aliondoka nao. Akaniambia, "Bibi hakuwa na safari. Mimi ninazo. Niachie mashine."

Hiyo ndiyo sababu nawaandikia. Ukiwepo kila siku na ukawa makini, macho na ngozi yako vinatosha. Lakini wengi wenu mna shamba hapa, bodaboda kule, duka mjini, na wengine mnalea familia peke yenu. Kifaa hiki kinakaa stoo saa ambazo wewe haupo.

Cha kufanya kuanzia sasa

Msianze na kununua. Kabla ya msimu, tafuta kipima joto na unyevu cha kawaida, kile cha kuning'iniza ukutani, kipime kwa chumvi, halafu andika kwenye daftari wiki mbili: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa mbili usiku, ndani na nje. Piga zile gramu mwenyewe kwa simu. Utaijua stoo yako kuliko mimi. Ukiona hata mchana wa jua ndani hapashuki, shida yako huenda ni sakafu inayotoa maji au bati linalovuja, na hiyo inatibiwa kwa saruji na misumari, siyo kwa kihisi.

Kama mko kikundi au AMCOS ndogo, changeni mtengeneze kimoja, mkifunge kwenye stoo moja, mlinganishe na nyingine isiyo na kifaa. Mkipata shida ya kitaalamu upande wa korosho yenyewe, wenzetu wa TARI Naliendele wako karibu, nendeni mkawaulize. Upande wa stoo, nikiwa kwenye mzunguko wa vijiji nisimamisheni tu, pikipiki yangu mnaijua. Nitakuja na kizibo cha soda na chumvi, tuanze na kupima.